Mzigo wa Kodi na Wingi wa Vyeo

Mazungumzo yetu ya jioni hii yanahusu kodi za serikali katika nchi yetu ya Kenya, na khasa uhusiano uliopo baina ya kodi hizo na wingi wa vyeo, na baina ya wingi wa vyeo na tamaa ya wale tuliowapa dhamana ya kutusemea. Kwani mambo haya matatu, ambayo watu aghalabu huyazungumza mbalimbali kila moja kwa siku yake, mimi nayaona kuwa ni mti mmoja wenye shina moja, na asiyelishika shina atashinda akipogoa matawi mwaka hata mwaka, na mti usiache kuchipua.

Kwanza naondoa shaka. Mimi si katika wale wanaodai kwamba kodi ni dhuluma kwa asili yake, kwani hakuna mji uliopata kusimama pasi na watu wake kutoa sehemu ya mali zao ili walinzi walipwe, mahakimu wawekwe, visima vichimbwe na wagonjwa watibiwe. Na Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 201, imelipima jambo hili kwa insafu ilipoagiza kwamba mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki na fedha za umma zitumiwe kwa busara na kwa uwazi. Ninalolilalamikia ni kwamba wanaoikadiria kodi ndio haohao wanaozidisha vyeo vinavyolipwa kwa kodi hiyo, na ndio haohao waliojaribu, si mara moja wala mbili, kujikadiria wenyewe mapato yao; na palipo na mpango wa namna hiyo, kodi haiwezi kushuka hata wakiwamo ndani yake watu wema, seuze wakiwa ni watu wa kawaida wenye tamaa za kawaida.

Wazee wetu walililia jambo hili kabla yetu. Waingereza walipoweka kodi ya vibanda mwaka 1901, wakaifuatishia kodi ya kichwa mwaka 1910, makusudio yao hayakuwa kujaza hazina tu, bali pia kumtoa Mwafrika katika shamba lake akatafute mshahara kwa mlowezi, maana kodi ilitakiwa kwa fedha taslimu, na fedha taslimu kwa wengi haikupatikana ila kwa mwajiri. Baada ya Vita Kuu vya Kwanza kodi ikapandishwa hata ikafika shilingi 16 kwa mwaka, na mwaka 1921 walowezi wakaazimia kupunguza mishahara ya vibarua kwa theluthi. Ndipo Harry Thuku, kijana aliyekuwa akifanya kazi ya simu katika Hazina ya serikali hiyohiyo, alipowakusanya watu wa Nairobi kulipinga jambo hilo, naye akakamatwa Machi 1922. Tarehe 16 ya mwezi ule watu walisimama mbele ya kituo cha polisi wakidai afunguliwe, wakapigwa risasi, wakafa zaidi ya 20, na miongoni mwao alikuwamo Mary Muthoni Nyanjiru, mwanamke ambaye jina lake lastahili kutajwa katika kila darasa la nchi hii. Mwaka huohuo kodi ikateremshwa ikawa shilingi 12.

Watu wale walikuwa na hoja moja isiyoweza kujibiwa, nayo ni kwamba walitozwa bila ya kuwa na kauli. Katika Baraza la Kutunga Sheria hakukuwa na Mwafrika hata mmoja mpaka mwaka 1944, alipoteuliwa Eliud Mathu. Kwa hiyo uhuru ulipokuja mwaka 1963, matumaini yalikuwa kwamba mwakilishi wetu, kwa kuwa ametoka kwetu na anajua bei ya unga, atakuwa ngao baina ya raia na mtoza kodi. Na leo wawakilishi tunao, wala si wachache.

Wakati wa uhuru majimbo ya uchaguzi yalikuwa 117, na Seneti ilikuwa na watu 41. Mwaka 1966 baraza la wabunge wa majimbo na Seneti vikaunganishwa, wajumbe wakawa katika nyumba moja yenye viti 158 vya majimbo. Mwaka 1988 viti vikawa 188. Mwaka 1997 vikawa 210. Na Katiba ya mwaka 2010 ikavifanya kuwa 290, ikaongeza viti 47 vya wanawake wa kaunti na 12 vya wateule, kisha ikairudisha Seneti kwa viti 67. Jumla yao ni watu 416, bila kuwahesabu maspika. Chini yao wapo magavana 47 na manaibu wao, na mabaraza ya kaunti 47 yenye wadi 1,450 zinazochaguliwa, na juu ya hao wapo wateule wa mabaraza hayo. Kila mmoja ana ofisi, ana wasaidizi, ana gari au posho ya gari, ana bima, ana safari, na kila safari ina masurufu yake.

Sitaki nifahamike kwamba naupinga ugatuzi. Mimi ni mtu wa pwani, na mtu wa pwani aliyeishi miaka ambapo kibali cha kukarabati zahanati kilikuwa kikingojwa kutoka Nairobi hawezi kusema kwa dhamiri safi kwamba turudi tulikotoka. Lakini ugatuzi ulikuwa na sharti lake, nalo ni kwamba kazi zikiteremka kwenda kaunti, watu na fedha za kazi hizo wateremke nazo, na kule juu pabakie pembamba. Jambo hilo halikufanyika ila kwa nusu. Afya na kilimo viligatuliwa, na wizara za afya na kilimo zikabaki Nairobi na maghorofa yake. Utawala wa mikoa, ambao Katiba katika jedwali lake la sita ilitaka upangwe upya katika muda wa miaka mitano uafikiane na kaunti, umebaki na ngazi zake zote, ukawa na Kamishna wa Kaunti na manaibu na machifu na wasaidizi wao, sambamba na Gavana na mawaziri wake na wasimamizi wa wadi. Hata raia mmoja katika kijiji kimoja cha Kilifi akawa chini ya tawala mbili zilizokaa ubavu kwa ubavu, akizilipa zote mbili. Na mashirika ya serikali nayo ni bahari nyingine: tume iliyoundwa na Rais mwaka 2013 iliyahesabu yakawa 262, ikashauri yapunguzwe yawe 187, na zaidi ya miaka kumi ilipopita, Julai 2024, tukamsikia Rais mwingine akitangaza kwamba mashirika 47 yatavunjwa, jambo linaloonyesha kwamba ushauri wa kwanza ulilala usingizi mzito.

Machi 2023, wakati raia walipokuwa wakiambiwa wafunge mkaja kwa sababu nchi ina madeni, waliteuliwa mawaziri wasaidizi 50 kwa mpigo mmoja, idadi inayozidi mara mbili ya mawaziri wenyewe, na ilibidi Mahakama Kuu iseme mwezi wa Julai mwaka huo kwamba uteuzi ule haukuafikiana na Katiba. Nauliza kwa moyo wa dhati: kama isingalikuwa mahakama, ni nani katika wawakilishi wetu 416 aliyekuwa tayari kuzuia?

Ibn Khaldun, yule mwanachuoni aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, aliyatazama mambo ya dola za Maghribi zilizoinuka na kuanguka mbele ya macho yake, akaeleza katika Muqaddima kwamba dola inapoanza, wakuu wake huishi kwa unyofu, mahitaji yao ni machache, kodi ni ndogo, na watu huchangamkia kazi kwa kuwa wanaona faida yake, hata hazina ikajaa kutokana na kodi hizo ndogo. Lakini wakuu wakisha kuzoea anasa, na watumishi na mahashumu wakawa wengi, kodi huongezwa kidogo kidogo, ya leo juu ya ya jana, mpaka raia akizitazama gharama zake na mapato yake huona hakuna tena sababu ya kujisumbua, akaacha biashara au akapunguza mkono, na hazina ikapungua. Na mkuu akiona imepungua, hudhani dawa ni kuongeza tena. Aliyaandika hayo mwaka 1377. Na hapa kwetu, katika mwaka wa fedha wa 2023/24, mwaka ambao kodi zetu zilipandishwa kuliko kawaida, Mamlaka ya Mapato ilikusanya fedha nyingi, kiasi cha shilingi trilioni 2.4, na bado haikulifikia lengo ililowekewa. Jawabu la serikali kwa upungufu huo lilikuwa ni Mswada wa Fedha wa mwaka 2024, wenye kodi mpya za shilingi bilioni 346.

Tuzitazame kodi za mwaka 2023 kwa karibu, kwa kuwa ndizo tunazoishi nazo. Kodi ya ongezeko la thamani juu ya mafuta ya gari iliyokuwa asilimia 8 ikafanywa 16, na mafuta hayo, wasikilizaji, hayako ndani ya gari la tajiri peke yake, bali yamo ndani ya nauli ya matatu, na ndani ya mashine ya boti ya mvuvi wa Lamu, na ndani ya kila gunia la viazi linalotoka Nyandarua, ambalo fauka ya hayo hulipa ushuru wa mazao kwa kaunti. Ushuru juu ya ada ya kutuma fedha kwa simu, ulioanza kwa asilimia 10 mwaka 2013, ukafika 15. Mfanyakazi akakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za gharama nafuu, na mwajiri wake akatoa kiasi hichohicho, na kuanzia Oktoba 2024 akakatwa tena asilimia 2.75 kwa ajili ya bima ya afya.

Lakini iliyo nzito kuliko zote kwa kadiri ya kimya chake ni kodi ya mauzo ya wafanyabiashara wadogo, iliyotolewa asilimia 1 ikawekwa 3, nayo hulipwa na mfanyabiashara ambaye mauzo yake ya mwaka yamezidi shilingi milioni 1 na hayakupita milioni 25. Milioni 1 kwa mwaka ni kama shilingi 2,740 kwa siku, na hayo ni mauzo, si faida. Mchukueni mwenye duka la mtaani anayeuza unga, sukari na sabuni, anayepata mauzo ya shilingi 5,000 kwa siku na hafungi duka siku hata moja: mwisho wa mwaka ameuza kwa shilingi 1,825,000, na kodi yake ni shilingi 54,750. Kama faida yake ni shilingi 10 katika kila 100, basi amebakiwa na 182,500, na kodi imechukua asilimia 30 ya faida hiyo. Kama faida ni shilingi 5 katika kila 100, na sukari na unga havina faida kubwa kuliko hiyo, kodi imechukua asilimia 60. Na akipata hasara, kodi haimwulizi, maana imewekwa juu ya kilichopita mkononi, haikuwekwa juu ya kilichobaki. Mtu huyu hana chama cha kumsemea wala hana wakili. Alikuwa na mbunge wake.

Na mbunge wake alikuwa akishughulika na nini? Naomba ruhusa nitaje mambo yaliyokwisha kuandikwa katika kumbukumbu za nchi. Januari 2013, katika siku za mwisho za Bunge la kumi, wabunge walijipigia kura ya kupewa shilingi milioni 9.3 kila mmoja kuwa ni bahashishi ya kuagana, pamoja na pasipoti za kibalozi na walinzi wenye silaha, na Rais Kibaki akakataa kutia sahihi. Walioingia baada yao hawakukaa wiki nyingi kabla ya kuanza vita na Tume ya Mishahara na Marupurupu, kwa kuwa tume hiyo iliteremsha mshahara wao kutoka shilingi 851,000 hadi 532,000 kwa mwezi. Na mwezi wa Mei mwaka ule wananchi wakapeleka nguruwe mbele ya Bunge kuonyesha namna wanavyowaona wawakilishi wao. Kisha ikaja habari ya posho ya nyumba. Tume ya Huduma za Bunge, ambayo ni chombo cha wabunge wenyewe, iliwapa kila mmoja shilingi 250,000 kwa mwezi za makazi, na hesabu ikarudishwa nyuma mpaka Oktoba 2018, ilhali mwenye mamlaka ya kukadiria malipo ya maofisa wa dola, kwa mujibu wa kifungu cha 230 cha Katiba, ni ile Tume ya Mishahara. Disemba 2020 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakaamua kwamba malipo yale ni batili, wakaamuru yarejeshwe.

Katika jambo hilo sikumbuki kusikia kwamba upande wa serikali na upande wa upinzani ulitofautiana. Watu wanaotupiana maneno makali katika mikutano ya hadhara, wanaotugawa kwa makabila na kwa vyama mpaka majirani wakanuniana, wakiingia katika suala la mapato yao huwa ndugu wa tumbo moja. Angalieni mfuko wa maendeleo wa majimbo: Mahakama ya Juu iliibatilisha sheria yake ya mwaka 2013, Mahakama Kuu ikaibatilisha na iliyofuata mnamo Septemba 2024, kwa sababu kazi ya mbunge ni kutunga sheria na kusimamia matumizi, na hawezi mtu kuwa msimamizi wa fungu ambalo yeye mwenyewe ana mkono ndani yake, na mwaka 2025 wabunge wakaazimia kuibadilisha Katiba ili mfuko ubakie. Najua kuna watoto waliosomeshwa kwa karo za mfuko huo, na sitaki kuwanyang'anya. Fedha zilezile zingaliweza kuwafikia kwa mlango wa kaunti au wa wizara, bila kupitia jina la mgombea.

Nafika katika sehemu inayoniumiza kuisema. Tarehe 25 Juni mwaka 2024, vijana wa nchi hii, wengi wao waliozaliwa baada ya mwaka 1997, wasio na kiongozi wala chama, walikuwa mabarabarani kutoka Mombasa hadi Kisumu hadi Eldoret, na Nairobi walikuwa maelfu, wakiomba Mswada wa Fedha ukataliwe. Ule mswada ulikuwa umetaka mkate utozwe asilimia 16 na mafuta ya kupikia asilimia 25, na ijapokuwa mengi yalikuwa yameondolewa kabla ya siku hiyo, watu hawakuwa na imani tena. Bungeni kura zikahesabiwa: 195 wakaukubali, 106 wakaukataa. Vijana wakavunja ua wakaingia Bungeni, sehemu ya jengo ikashika moto, na risasi zikafyatuliwa. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilipohesabu mwanzoni mwa Julai iliwapata waliokufa katika maandamano yale kuwa ni watu 39. Siku moja baada ya kura, Rais akatangaza kwamba hatatia sahihi. Basi nawauliza wale 195: kama mswada uliweza kuachwa siku ya Jumatano, ni kitu gani kilichozuia uachwe Jumatatu, kabla ya mama hajaitwa mochari kumtambua mwanawe?

Na kabla matanga hayajaanuliwa, katika siku za mwanzo za Julai, habari zikatoka kwamba mshahara wa mbunge ungepanda kutoka shilingi 725,502 hadi 739,600. Nyongeza ile ilizuiliwa baada ya ghadhabu ya watu, nami naishukuru Tume ya Mishahara kwa kusikia. Tarehe 5 Julai Rais akatangaza kuvunja yale mashirika 47, kupunguza washauri kwa nusu, kufuta bajeti za ofisi za wake wa wakuu, na kutojaza nafasi za mawaziri wasaidizi. Hatua hizo zote zilikuwa njema. Nami naona ndani yake hoja yangu nzima, maana kama iliwezekana kutangaza kufutwa kwa ofisi hizo kwa hotuba moja na nchi isitetereke, basi hazikuwa na haja tangu hapo, na tulikuwa tukizilipia kwa unga na mafuta ya taa.

Watetezi wa serikali husema kwamba mishahara ya wanasiasa ni tone dogo ukiilinganisha na deni, ambalo lilikuwa limeshafika kiasi cha shilingi trilioni 10 katika mwaka ule wa 2024, na ambalo kulilipa kunameza zaidi ya nusu ya mapato ya kodi. Hesabu hiyo ni ya kweli, na mtu mwaminifu hana budi kuikubali: hata tukiwafukuza wabunge wote, deni litabaki. Lakini deni lile halikuanguka kutoka mbinguni. Kila mkopo ulipitia mikononi mwa serikali ambayo Bunge lilipewa kuisimamia, na kiwango cha juu cha deni huwekwa na Bunge, na kila kilipokaribia kufikiwa Bunge likakisogeza. Na mtu ambaye akili yake imeshughulishwa na posho yake hana nafasi ya kumwuliza waziri mikopo hii inajenga nini na itarudi lini.

Rai yangu, wasikilizaji, ni nyepesi kuieleza. Kila mwaka, baina ya Mei na Juni, kamati ya fedha ya Bunge hukaribisha maoni ya umma kabla Mswada wa Fedha haujapigiwa kura, na maoni hayo huweza kupelekwa kwa maandishi. Na kwa kuwa kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, barua ya ukurasa mmoja kutoka Mtwapa au Kwale, iliyoandikwa kwa Kiswahili, ina haki ya kusomwa kama mjalada wa kampuni ya mahasibu. Tumezoea kupeleka huko maombi ya kupunguziwa kodi hii au ile, tukapewa mkate tukanyang'anywa mafuta. Safari ijayo tusianze na kodi. Tuanze kwa kuitaka serikali ituandikie vyeo vyote vilivyofutwa tangu bajeti iliyopita na vyote vilivyoongezwa, kwa majina ya vyeo hivyo na mishahara yake, na orodha hiyo isomwe Bungeni kabla ya orodha ya kodi, na mbunge yeyote atakayepiga kura ya kuongeza kodi katika mwaka ambao vyeo vimeongezeka, jina lake liandikwe na lipelekwe jimboni kwake, lisomwe katika baraza na msikitini na kanisani, kabla ya uchaguzi mkuu wa tarehe 10 Agosti 2027.